Bihogo Hakuwa Akikuomboleza

Mama Koku wangu,

Nianze na habari yenyewe, maana nakujua. Barua ikija nyumbani ulikuwa unaanza kusoma mwisho, uone kwanza kama kuna msiba, ndipo urudi juu kwenye salamu. Basi hakuna msiba. Ng'ombe wako Bihogo amepona. Asubuhi hii amemaliza hori zima la maganda na nyasi, akanisukuma tumboni kwa pua kudai mengine. Tulia sasa nikusimulie, maana humu ndani nina na la kutubu.

Unakumbuka pale wodini Rubya, mchana, Koku wetu akiwa ameenda kununua chai? Ulisema, "Baba Koku, Bihogo ana mimba. Wasije wakamchinja kwenye msiba wangu, wala usimuuze. Azae." Nikakwambia acha maneno hayo, Mungu yupo. Ukanitazama.

"Mungu yupo, najua. Wewe je, zizini utakuwepo?"

Nikaahidi. Nilikuwa nimekushika mkono.

Na uliuliza kwa sababu. Miaka yote ile zizi lilikuwa lako. Mimi nilikuwa mtu wa kahawa na migomba, na Jumapili mtu wa kanisa. Ulikuwa unanitania mbele ya wageni: "Mzee wa kanisa huyu anajua kondoo wote wa kwenye Biblia, ng'ombe wa nyumbani kwake hajui ana chuchu ngapi." Wageni wanacheka na mimi nacheka, kwa kuwa nilijua ni nne. Zaidi ya hapo sikujua kitu.

Na ile vita yetu ya nyasi. Nilikuwa nakata nyasi kule rweya, kwenye uwanda ambako ng'ombe wa watu wanachungwa, naleta mzigo kichwani, jasho linatiririka, nataka nizitupe horini nikapumzike. Wewe unanizuia. Unazitandaza juani nyuma ya jiko mpaka kesho yake. Siku moja nikasema, "Unamwanikia ng'ombe nyasi kama kahawa." Ukajibu, "Na kahawa yako unaianika kwa nini?" ukaenda zako. Hukueleza. Au ulieleza siku nyingine, mimi nikiwa nasikiliza redio. Nadhani ulieleza.

Baada ya kukuzika nilijitahidi. Nilivaa kitenge chako cha kukamulia, kile cha maua ya njano, kwa sababu bila hicho Bihogo aligoma kuteremsha maziwa. Jirani yetu Ma Paskazia alinikuta nimejifunga hivyo, akashika mdomo. "Baba Koku, leo ndiyo unaolewa?" Nikamwambia niache, maziwa yanatoka. Dawa ya kupe nayo nilimwogesha kila Jumamosi kama ulivyokuwa ukifanya, bomba mgongoni, bomba ubavuni, nimemaliza. Na nyasi nilizishusha kutoka kichwani nikazitia horini moja kwa moja. Hakukuwa na wa kunizuia.

Ndipo asubuhi moja akaacha chakula nusu. Maziwa yakashuka mpaka kikombe. Akasimama pembeni ya zizi, masikio yamelala, uso ameuelekeza kule migombani kwenye kaburi lako. Ma Paskazia alimtazama muda mrefu, akasema, "Huyu anamlilia bibi yake."

Mama Koku, neno lile lilinifaa, na hilo ndilo la kutubu. Matanga yalikuwa yamekwisha, kila mtu amerudi kwenye shughuli zake, nami sikuwa na mtu wa kuketi naye nikulilie. Nikampata ng'ombe. Siku mbili nzima nilishinda naye zizini nikimsimulia habari zako. Nilimwimbia ule wimbo uliokuwa unaupenda, nikamwombea faraja. Alikuwa anapumua kwa haraka, nikasema ni kwikwi. Macho yakawa yanatoka machozi, nikasema, unaona? Homa ilikuwa inamla, na mimi pale nashukuru kwamba sikulilii peke yangu.

Siku ya tatu akaanza kukohoa. Siku hiyo Ta Mutalemwa alipita kunisalimu, yule mzee aliyechunga ng'ombe tangu utoto wake. Alipeleka mkono chini ya sikio la Bihogo, akabonyeza, kisha akauchukua mkono wangu akauweka palepale. Palikuwa na uvimbe kama yai la kuku. Mbele ya bega palikuwa na mwingine.

"Amakebe," akasema, kama wazee wanavyoiita ndigana kali. "Na wewe unamwimbia."

"Walisema anaomboleza."

"Ng'ombe haombolezi, Baba Koku. Anaumwa au haumwi. Koka moto, tuyachome haya matezi kwa chuma kama walivyofanya baba zetu."

"Na wale waliochomwa walipona?"

Akafikiri. Ni mzee mkweli yule. "Wengine," akasema. "Wengi tuliwala."

Moto nikauacha. Nikampigia Koku kule kwake Kibeta, Bukoba. Nilidhani atalia. Akauliza tu, "Baba, bwana mifugo umempigia?" Nikasema bado. "Basi kata hii simu, mpigie yeye."

Bwana mifugo wa kata yetu sasa hivi ni binti, anaitwa Adela. Watu wanamwita bwana mifugo hivyo hivyo, na anaitika. Alifika kwa pikipiki kabla ya saa sita. Akatia kipimajoto chini ya mkia, akangoja, akanionyesha: karibu digrii arobaini na mbili. Akasikiliza kifua. Kisha akalikunjua sikio la Bihogo kama mtu anayegeuza mfuko wa suruali, na mle ndani kupe walikuwa wamejipanga kama punje za ulezi.

"Mzee, humu ulikuwa unapulizia dawa?"

"Napulizia mgongo."

"Mgongoni hawakai hawa wanaoleta ndigana. Ni masikioni, na chini ya mkia. Nyasi unatoa wapi?"

"Rweya."

"Unazianika?"

Niligeuza macho kule nyuma ya jiko. Akadhani sijaelewa, akanieleza polepole. Kupe wanaotoka kwa ng'ombe wa kuchungwa wanapanda kwenye majani wakimngoja mnyama apite. Mtu anakuja anawafunga pamoja na nyasi, anawabeba mwenyewe kichwani, anawapeleka kwa ng'ombe ambaye hajawahi kutoka zizini na ambaye mwili wake haujawahi kupambana na ugonjwa ule. Jua likizipiga nyasi siku nzima, wengi wanakufa au wanatoka.

"Mke wangu alikuwa anazianika," nikamwambia.

"Alikuwa anaijua kazi yake."

Natamani ungekuwepo usikie, maana mimi sikukuambia hivyo hata siku moja.

Nikamuuliza kama ataishi. Akasema kifua hakijajaa maji bado, ila kingejaa kesho au kesho kutwa, na hapo asingekuwa na la kufanya. Sindano inayotakiwa ilikuwa imekwisha kwenye maduka ya dawa za mifugo ya Muleba. Koku akaitafuta Bukoba mjini, akaipata, akamkabidhi kondakta wa basi, nikaipokea barabarani alasiri. Adela akamdunga shingoni, akaongeza nyingine ya kusaidia mapafu, akasema atarudi baada ya siku mbili kurudia.

"Na mimba?" nikauliza.

"Kwanza tumwokoe mama. Mimba siwezi kukuahidi, mzee. Joto kama hili huwa linaitoa."

Yeye hakuahidi. Aliyeahidi nilikuwa mimi.

Siku zile sikuimba. Nilichota maji, nikamkatia majani laini ya mgomba, nikambandua kupe mmoja mmoja masikioni. Adela aliniachia kipimajoto akanifundisha kukisoma, mimi wa darasa la saba, nikawa napima asubuhi na jioni kama nesi. Kila nikiingia zizini nilitazama kwanza chini, kwenye majani ya kulalia, nione kama ameitupa mimba. Nilikuwa naomba kwa maneno mafupi tu. Bwana, usiniruhusu nikose na hili.

Baada ya sindano ya pili joto likashuka, na kesho yake nikamkuta amelala vizuri, amekunja miguu, taya linakwenda upande, polepole. Anacheua. Nikapindua ndoo nikaketi nikalia. Safari hii nilikulilia wewe, Mama Koku, wewe mwenyewe, bila kumsingizia ng'ombe. Nililia mpaka nikachoka, kisha nikafuta uso nikafagia zizi, na mwili ukawa mwepesi kama mtu aliyetoka kwenye kuungama.

Ma Paskazia nimemweleza kwamba ilikuwa ndigana. Anasema, "Sawa, lakini kidogo aliomboleza." Nimemwachia hicho kidogo. Ta Mutalemwa nimemwambia kwamba siku hizi kuna chanjo ya ndigana, ndama wanachanjwa wakiwa wadogo na kuvalishwa hereni sikioni. Akacheka mpaka akakohoa. "Ndama wa hereni. Na wewe mzee wa kanisa umekubali?" Nimekubali. Adela ameshaandika jina langu, ingawa sikuthubutu kumwambia ni ndama yupi, maana sikujua kama yupo.

Jana alikuja kumpima. Alivaa glavu ndefu ya mpira mpaka begani, akaingiza mkono, akatulia, anatazama ukutani. Mimi nimeshika pembe na sithubutu kumuuliza. Alikaa hivyo muda ambao nilisoma Baba Yetu nikaimaliza nikaanza tena. Kisha akatoa mkono.

"Yupo," akasema. "Njoo huku kulia." Akanichukua kiganja akakikandamiza chini ya ubavu wa Bihogo. "Ngoja."

Nikangoja. Kisha nikapigwa teke, Mama Koku, teke lenyewe, katikati ya kiganja.

Pumzika kwa Bwana, mke wangu. Huku tunaendelea kusubiri, mimi na Bihogo, na safari hii tunasubiri jambo jema.

Mumeo,
Baba Koku