Firigisi za Montelara

Jumapili, 2 Septemba 1973

Leo ndiyo leo! Ligi ya Spania imeanza na mwanangu yumo ndani. Cleopas Barasa, mtoto niliyemzaa Vihiga, mvua inavuja kitandani – daraja la kwanza la Spania!

Tulitoka kanisani mbio, mimi na binti yangu Edah, hadi dukani kwa Gurmit hapa Birmingham, pale Alum Rock Road. Jumapili duka limefungwa lakini mlango wa nyuma ni wetu. Gurmit ni Singasinga wa Nakuru, na redio yake ina waya uliopita dirishani mpaka kwenye bomba la mvua. Hiyo ndiyo inashika Spania. Inakoroma kama mzee aliyelala. Kispania hajui yeye, sijui mimi, hajui Edah. Tunangoja jina tu.

Mara – Barasa! Halafu tena Barasa! Gurmit akaruka nyuma ya kaunta, nusura kilemba kigonge taa. Ati, Mama, mara tatu wamemtaja, na huyo mwingine wamemtaja mara moja tu!

Mwaka huu ndio wameruhusu wageni, wawili kwa kila timu. Wawili! Mmoja ni wangu. Na Waspania walimwona kule Perry Barr kwenye uwanja wa matope, akicheza na watu wa kiwandani. Kesho wodini ninakogawa chai watanikoma.

Jumatano, 19 Septemba

Barua ya kwanza. Timu ni ya mji mdogo, Montelara, lakini iko daraja la kwanza pamoja na wale wakubwa wa Madrid na Barcelona. Wamempangishia chumba kwa mama mmoja mjane, jina Remedios. Ana nyumba ya mawe na kuku uani. Nimefurahi. Mtoto wa miaka kumi na minane anahitaji mtu mzima wa kumwangalia. Nimemtumia kifurushi: soksi za sufu, Biblia ya Kiswahili, na unga wa ugali ratili nne kutoka kwa Gurmit. Nikaongeza kitambaa cha meza kwa huyo mama. Nimekidarizi mwenyewe. Mimi si mchoyo.

Alhamisi, 25 Oktoba

Sijala tangu asubuhi.

Cleopas anaandika: Mama, huyu Señora Remedios anajua kupika! Kila Jumapili baada ya mechi ananipa firigisi. Si moja, sahani nzima, na kitunguu saumu na divai.

Sahani nzima!

Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Haiombwi, haigawanywi. Baba yao Alfayo alipokuwa hai ilikuwa yake. Jumapili ya kwanza baada ya kumzika nilinunua kuku soko la Bull Ring, nikapika, firigisi nikaiweka kwenye sahani ya Cleopas. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Akainama, akala. Tangu siku hiyo ndiye mwenye nyumba hii.

Sasa huyo mjane anampa sahani nzima. Kuku wangapi hao? Hiyo si kwa bahati tu. Mwanamke hamwekei mwanamume firigisi bila kujua anafanya nini.

Edah anacheka. Ati Mum, kule hayo ni matumbo tu, yanauzwa rahisi. Huyu amekulia Birmingham, atajua nini?

Jumamosi, 27 Oktoba

Nimeenda Bull Ring nikanunua firigisi ratili nzima. Nikazipika na vitunguu, nikatia na dania. Zikanukia mpaka barabarani. Halafu nikazitazama. Nimpe nani?

Edah akazila zote akitazama televisheni. Msichana! Firigisi! Dunia imekwisha.

Jumamosi, 17 Novemba

Gazeti lilifika wiki iliyopita ndani ya barua. Picha kubwa. Cleopas wangu amepiga goli mbili, anacheka meno yote. Na huyo mama amesimama kando yake, mfupi, mweusi tii kwa nguo, mkono ameuweka shavuni kwa mwanangu. Shavuni! Edah alimwonyesha mwalimu wake wa lugha. Chini ya picha wameandika: Barasa na mama yake wa Montelara.

Mama yake wa Montelara.

Kwani alimzaa lini?

Picha nimeikunja mara moja, katikati, huyo mama akabaki upande wa nyuma. Hivyo ndivyo nilivyowaonyesha watu kanisani. Wakasema, kijana mzuri, Mama Cleopas, kafanana na wewe. Nikasema ndiyo, goli mbili.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Hakuja. Kuna mechi Jumapili, hawaruhusiwi kusafiri. Alipiga simu kwa Gurmit saa sita mchana, dakika tatu.

Dakika ya kwanza tulilia. Dakika ya pili akaniambia, Mama, usiwe na wasiwasi, leo nimekula ugali! Nani kakusongea? Señora. Nilimfundisha na ule unga wako. Mara ya kwanza uji, mara ya pili mawe, sasa umekaribia kuwa kama wako.

Umekaribia!

Dakika ya tatu sikumbuki nilisema nini.

Jirani yangu Jasumati alileta chevdo, vile vitafunio vyao vya pilipili, na peremende. Jasumati ni Mhindi wa Kisumu aliyeolewa Kampala, wakafukuzwa mwaka jana na sanduku mbili. Nilimwambia yote. Akatafuna pole pole. Akasema, Mama Cleo, hiyo sauti yako naijua. Ni sauti ya mke aliyeletewa mwenzake. Nikamwambia atoke. Hakutoka. Tukanywa chai.

Jumatatu, 4 Februari 1974

Goti.

Jana kwenye redio Barasa, Barasa, halafu kelele, halafu hakutajwa tena. Gurmit alisema labda betri. Si betri. Leo simu. Yuko hospitali huko, goti la kulia limevimba kama papai.

Nikaomba ruhusa niende. Wamekataa, wafanyakazi ni wachache. Kwa hiyo nimesukuma toroli langu la chai kama kawaida. Kitanda cha saba kuna kijana wa Kings Heath amevunjika mguu. Mama yake amekaa kando anamchania nywele. Nikampa chai, sukari mbili. Chai ikamwagika sahanini. Akasema, asante mpenzi, una watoto?

Nina mmoja Spania, nikasema. Daraja la kwanza.

Najua ni nani amekaa kando ya kitanda chake. Najua sana.

Jumapili, 10 Machi

Amerudi uwanjani! Wiki tano tu! Anasema daktari wa timu ana dawa nzuri, hasikii maumivu kabisa. Hiyo ni damu ya Wamaragoli. Leo wametoka sare lakini Barasa ametajwa mara kumi na moja. Nilihesabu kwa njiti za kiberiti. Timu iko chini kabisa kwenye jedwali, wanaweza kushuka daraja. Gurmit anasema, Mama, mwanao anabeba watu kumi mgongoni.

Alhamisi, 18 Aprili

Barua nene. Si ya Cleopas, ya klabu. Edah hakuwa nyumbani. Nikamngoja? Sikungoja. Nikaipeleka kwa Gurmit, kuna ukurasa wa Kiingereza, akanisomea.

Wanamtaka miaka mitatu zaidi. Kule mtoto chini ya miaka ishirini na mmoja hawezi kujiandikia mkataba, lazima mzazi atie sahihi. Iwafikie kabla ya mwisho wa Mei. Bila hiyo, msimu ukiisha yuko huru, anarudi nyumbani.

Gurmit kanipa kalamu. Mama, hongera, weka hapa.

Nikasema nitaisoma vizuri kwanza.

Miaka mitatu. Jumapili ngapi hizo za firigisi? Akirudi hapa atakuwa mtu mzima, na ndevu, na atamwita huyo mwingine mama bila kufikiri. Timu za hapa zipo. Karatasi nimeitia ndani ya mkebe wa unga, chini kabisa.

Jumamosi, 4 Mei

Simu. Mama, karatasi imefika? Nikasema bado. Posta ya huku, unaijua. Akasema, Mama, sina kitu kingine, hii ndiyo kazi yangu. Nikasema nitaulizia.

Nimemdanganya mwenye nyumba yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikatoka pale kwa Gurmit bila kumtazama usoni, maana yeye ndiye aliyeisoma.

Jumanne, 14 Mei

Edah alitaka kupika ugali. Akauona mkebe, akaiona karatasi. Akaisoma yote amesimama, unga mikononi. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, kwa Kiswahili – mtoto ambaye nikimwita kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza – aliniuliza, Mama, umemfanyia Cleo hivi?

Sasa haongei nami kwa lugha yoyote.

Jasumati alikuja, akaambiwa. Nilidhani atanisema. Alikaa akikunja na kukunjua ncha ya sari. Akasema wanawe wawili wako Toronto, na kuna mama mmoja wa Kikanada anawashonea vifungo. Akasema, kila nikila najiuliza kama vifungo vinakaa. Basi. Akachukua bakuli lake akaenda.

Jumapili, 19 Mei

Siku ya mwisho ya ligi. Wakishindwa wanashuka.

Dukani tulikuwa sita, Edah pia, ameketi mbali nami juu ya gunia la mchele. Redio inaenda inarudi. Nusu ya pili sauti ikapotea kabisa, Gurmit akatoka nje akashika waya kwa mkono. Ikarudi! Mtangazaji anapiga kelele kama nyumba inaungua – Barasa! Barasa! Barasaaaaa! Jasumati aliruka akanikumbatia, akanikanyaga. Gurmit nje anauliza, nini, nini, na hawezi kuachia waya!

Moja bila. Wamebaki daraja la kwanza. Mwanangu ndiye aliyewabakisha.

Edah alilia. Akanijia mwenyewe. Akaniegemea.

Mimi ni nani nimzuie?

Jumatatu, 20 Mei

Nimetia sahihi. Nilijaribu kwanza kwenye gazeti mara tano, isije ikatoka vibaya. Nimeikung'uta unga. Edah kaandika bahasha. Nikamwambia huyo mama akae naye, nimemwachia. Nilisema kwa sauti, jikoni, peke yangu. Iliniuma kama kung'olewa jino. Lakini nimesema.

Jumanne, 21 Mei

Naandika nimesimama. Daftari liko juu ya sanduku la posta, nje ya duka la Gurmit.

Bahasha niliitumbukiza humu saa saba, nikitoka kazini. Nikaenda nyumbani nimenyooka kama askari. Saa kumi Gurmit akaja mwenyewe mlangoni, duka ameliacha wazi. Mama, simu, Spania, si Cleo.

Nikakimbia na kandambili.

Sauti ya mwanamke. Nzito, ya mtu mzee kuliko nilivyofikiri. Akasema, "Mama Cleopas. Hujambo. Mimi Remedios." Kwa Kiswahili! Alikuwa anasoma, nilisikia karatasi inatetemeka. Bila shaka maneno amemwomba Cleopas moja moja, siku baada ya siku, mezani, na Cleopas hakujua ya nini.

"Goti mbaya. Mama, goti mbaya sana. Kila mechi sindano. Cleopas analia. Anasema usimwambie Mama." Akavuta pumzi. "Karatasi hapana. Cleopas nyumbani. Kwa Mama."

Nikauliza maswali kumi. Hakuelewa hata moja. Alianza tena mwanzo, goti mbaya, karatasi hapana, mpaka kwenye hapana sauti ikakatika akawa analia tu, na mimi nalia, hela za simu zinakwisha, Gurmit ameshika kichwa.

Kwa hiyo ile dawa nzuri ni sindano za ganzi. Mimi nafanya kazi hospitali! Nilipaswa kujua. Yeye amejua kabla yangu. Hata hapo amenitangulia, na bado inanichoma, sitajidanganya. Lakini mwanamke ambaye angekaa na mwanangu miaka mitatu ndiye anayeniambia nimchukue. Mtu hasemi hivyo bure.

Hapa imeandikwa wanafungua saa kumi na moja na nusu. Bado dakika nane. Jasumati amekuja. Gurmit amesimama katikati ya barabara, anatazama upande wa Saltley. Nimeingiza mkono humu ndani mpaka kiwiko. Hakuna kitu, ni baridi tu.

Gari limekuja. Mtu wa posta anasema haiwezekani, barua ikishaingia ni mali ya Malkia. Gurmit anambishia, anataja sheria, sidhani kama ipo. Jasumati amelikumbatia sanduku, sari na yote, anasema hatoki hapo. Watu wanasimama kutazama. Huyu mtu anauliza, nitajuaje kama barua ni yako? Yeyote anaweza kusema.

Nimemwambia atazame daftari hili, aone mwandiko, aulinganishe na wa ndani ya bahasha. Anasema andika basi, nione. Naandika mbele yake. Truphosa Barasa. Ndiyo huu. Anainamia daftari, bahasha yetu mkononi. Naandika tena pole pole, kama nilivyoandika jana. Truphosa Barasa, mama yake Cleo –