Futari ya Barazani na Mguu wa Baba Zuhura

Jumapili, 4 Ramadhani

Kunde zimeiva. Samaki mkavu nimemroweka tangu adhuhuri. Hakuna muhogo wala tambi, wala hapatakuwapo. Mume wangu, Baba Zuhura, ana kisukari, nami nafundisha sayansi darasa la sita hapa Mahege. Siwezi kuwafundisha watoto wa watu kazi ya kongosho halafu nishindwe na sufuria yangu mwenyewe.

Daktari alimwambia asifunge. Amefunga. Nimenuna, naye anajifanya haoni.

Jumatano, 7 Ramadhani

Zahanati wamempima. Sukari iko juu kuliko mwezi uliopita. Nilirudi nyumbani kichwa kinaniuma. Kunde, samaki, mchicha. Inapandaje?

Magharibi nikachungulia dirishani, nikapata jibu. Wanaume wa mtaa wetu hufuturu pamoja, kwenye mkeka mmoja barazani. Kila nyumba inatoa sinia lake, na anayekaa anakula popote mkono unapofika. Kunde zangu zililiwa na jirani yetu Mzee Kisoma. Baba Zuhura alikula magimbi ya nazi ya wifi yangu Mwanaidi, akashushia uji wa mchele, bakuli zima. Miaka yote nimepeleka sinia pale, na sikuwahi kufikiria hilo.

Nikamvaa alipoingia ndani. Akashangaa kwelikweli. "Mama Zuhura, si sukari nimeacha? Chai nakunywa bila hata chembe."

Anaamini sukari ni ile ya kwenye kopo tu. Nilitaka kulia, nikaosha vyombo.

Ijumaa, 9 Ramadhani

Amerudi kutoka msikitini na damu kwenye kandambili. Mwiba umezama kwenye kidole gumba cha mguu, sijui tangu lini. Hakuusikia. Nilipoukamua yeye alikuwa anaangalia kuku.

Hilo ndilo lililonitisha. Sukari ikizidi kwenye damu siku nyingi, inaharibu neva na mishipa midogo. Mguu hausikii maumivu, na damu ya kuponya kidonda haifiki vizuri. Nimeandika hayo ubaoni mara nyingi mno, kwa chaki, bila woga. Leo naogopa.

Mguu huu haukatwi. Nimesema.

Jumapili, 11 Ramadhani

Nimefanya kituko. Mwanamke hasogelei mkeka ule. Nilisogea. Nilisubiri wamalize tende na maji, nikasimama pembeni na sahani ya wali mkavu, hauna chumvi wala nazi. Nikawaambia kila mmoja achukue tonge, atafune, asimeze.

"Shemeji, leo tunarudishwa darasani?" Mzee Kisoma aliuliza, akameza hapohapo. Nikampa tonge jingine kama ninavyowapa watundu wangu.

Wakatafuna. Mashavu yanakwenda. Nilikuwa namwangalia mmoja tu.

"Unakuwa mtamu," Baba Zuhura akasema, polepole.

Nikaeleza. Wali ni wanga, na wanga ni sukari zilizoshikana mnyororo. Mate yanaanza kuukata mnyororo, utumbo unamalizia. Magimbi hivyohivyo, muhogo hivyohivyo. Sukari inaingia kwenye damu, na seli za mwenye kisukari haziipokei inavyotakiwa. Inabaki inazunguka humo.

Wifi alisikia yote toka uani kwake. "Magimbi aliyotulea nayo mama yetu ndiyo leo yamekuwa sumu!" Hajanisalimia tena. Naye anampenda, najua, ndiyo maana anampakulia vile. Lakini sitarudi nyuma.

Jumanne, 13 Ramadhani

Kidole kimekuwa cheusi. Kinanuka. Bodaboda, kisha hospitali.

Daktari hakuzunguka. Kidole hakiponi tena, kitakatwa. Mguu unaweza kubaki, ikiwa sukari itashuka. Baba Zuhura aliniangalia mimi, si daktari. Nikamwambia leo unakula. Akatikisa kichwa kukubali. Nilimlisha yai la kuchemsha saa saba mchana, Ramadhani, mimi mwenyewe nimefunga. Machozi yalimtoka.

Jumatano, 14 Ramadhani

Kimekatwa. Yuko salama.

Jumanne, 20 Ramadhani

Tuko nyumbani. Mchana anakulia nyuma ya jiko, mgongo kwa njia, aibu imemjaa. Nimemwambia maradhi yana ruhusa yake, na fidia tunatoa, chakula cha maskini kwa kila siku asiyofunga. Mchele anaupima mwenyewe kila asubuhi, kibaba kinajaa mpaka kinamwagika. Unakwenda kwa bibi mmoja mjane wa jirani. Hakuruhusu niupime mimi.

Magharibi bado anatoka kukaa na wenzake. Nilikataa, kisha nikaona nitamuua kwa upweke. Leo nikachungulia tena. Mzee Kisoma kalisogeza sinia la magimbi upande wake, mbali na mume wangu. Wifi kaleta mlenda na samaki wa kuchoma, kaweka kizingitini kwangu, kaondoka bila neno. Bado kanuna. Mlenda mzuri lakini.

Vidonge anakunywa kwa wakati. Zahanati wamempima, sukari imeshuka. Si sana. Imeshuka.

Alhamisi, 22 Ramadhani

Mvua kidogo alfajiri. Nimechelewa kutoka.

Nilikuwa natafuta viatu vyangu. Baba Zuhura akaita toka uani. Alikuwa amekaa kwenye kibao, maji ya uvuguvugu yako tayari kwenye beseni, kitambaa amekwisha kukifungua. Siku zote huuficha mguu ule chini ya shuka. Leo akaninyooshea, bila kuambiwa.

"Nikagulie, Mwalimu."

Nikachuchumaa, nikauosha. Nyama inaota, nyekundu, haina harufu. Kisha nikapitisha kidole changu katikati ya vidole vyake, kimoja kimoja, mpaka cha nne. Vizima. Nikavikausha.