Risasi Iliyobaki Chemba

Bellevue, Johannesburg

Mdogo wangu Emery,

Naomba barua hii ikukute mzima huko Polokwane, na kikohozi cha mtoto kiwe kimepoa. Sisi huku hatujambo. Mama alipiga simu kutoka Uvira juzi. Miguu bado inamvimba, ila sauti ina nguvu na maombi ni yale yale marefu.

Picha yako nimeipata. Umeketi kitandani, bunduki ya kampuni yenu ya ulinzi mapajani, na mwanao Gradi ameshika mtutu kama ameshika muwa. Unasema, kwa kuwa nililinda magari ya kubebea fedha miaka sita na bunduki kama hiyo, nikupe mashauri. La kwanza ni kwamba unaonekana mpumbavu, na mkeo aliyepiga picha naye ni mpumbavu.

Usiilete nyumbani. Ukilazimika, ikae katika sanduku la chuma, ufunguo shingoni mwako. Usimwelekezee mtutu mtu ambaye hutaki kumzika. Kidole kikae mbali na kifyatulio. Tena silaha hiyo kila ikipiga, yenyewe hupandisha risasi nyingine, kwa hiyo ukichomoa magazini, kile kikasha cha risasi, usidhani ni tupu: moja hubaki chemba, pale nyuma ya mtutu. Vuta kipini nyuma, tazama ndani ya chemba, ingiza kidole, kisha tazama tena.

Habari za kifo cha ndugu yetu Lambert unazijua kama wote wanavyozijua: kwamba Jumapili ile tulipotoka kanisani jambazi aliingia chumbani kwangu, akaninyang'anya bunduki, akampiga Lambert risasi kifuani, akaitupa, akakimbilia uani. Unajua pia kwamba watu wa mtaa walimkamata.

Hapakuwa na jambazi, Emery. Tulikuwa wawili tu. Lambert alikuwa akinicheka kwamba nimenenepa na siwezi hata kumkimbiza mwizi wa kuku. Nikachomoa magazini, nikamwelekezea, nikamwambia apige magoti aniombe radhi. Aliacha kucheka. Aliniomba niiweke chini, akaniomba mara mbili, na mimi nilifurahi kumwona anaogopa. Ndipo nikavuta kifyatulio.

Duni, yule fundi cherehani wa Tanga aliyepanga chumba cha nyuma cha kushonea, ndiye aliyefika kwanza. Alikuja na kitambaa cha mteja akakikandamiza kifuani kwa Lambert. Alinituma niite gari la wagonjwa, sikusogea. Ndugu yetu alipokata roho, Duni alitoka mbio kutafuta simu, mikono imejaa damu, na watu walikuwa wameshajaa langoni. Nilimfuata nje, wakaniuliza kama ni yeye aliyeua. Niliinamisha kichwa, nikaona wamenielewa, nikakiacha kichwa kilivyo. Duni aliwaambia waniulize mimi, kwamba mimi najua. Waliniuliza tena. Nikasema ndiyo, ni huyo.

Walitumia matofali. Polisi walipofika hakuwa na uso wa kutambulika, na marehemu hapelekwi mahakamani, kwa hiyo jalada likafungwa. Mwanaasha, mke wa Duni, alitoka Joubert Park kuja kuuliza mumewe alikuwa na kosa gani. Majirani walimtemea mate. Nilikuwa nimesimama mlangoni na nguo nyeusi, naye akanitazama mimi peke yangu, kama mtu anayengoja. Nikaingia ndani.

Hélène, mjane wa Lambert, nilimchukua mwaka uliofuata, yeye na watoto. Hushuhudia kanisani kwamba Mungu alimwachia shemeji aliyepigana na jambazi kwa mikono mitupu. Waumini huitikia amina. Nami huitikia.

Sikuandiki ili unisamehe. Msamaha wako nitaupeleka wapi? Nimeona mkono wa Gradi kwenye mtutu katika ile picha, nikajua mashauri matupu hutayasikia. Sasa umesikia. Lakini ukimpigia Mama simu na kumwambia, nitakana. Nitasema wivu umekuharibu, kwamba hukuja hata kwenye mazishi. Atalia, kisha ataniamini mimi, maana mimi ndiye ninayemnunulia dawa, na wewe unajua hivyo.

Msalimie mkeo, na umwambie picha ile asimwonyeshe mtu. Mbusu Gradi. Hélène yuko hapa mezani ananipakulia fufu. Ameniuliza namwandikia nani kwa kirefu hivi, nikamwambia ni wewe, naye anakusalimu sana na kukutakia Mungu akulinde kazini.

Mkubwa wako,
Placide