Uvimbe wa Malkia

Alhamisi usiku

Kariobangi nzima hakuna anayejua tumbo la nyoka kama mimi. Hata daktari wa mifugo angeniita mwalimu.

Leo Malkia, chatu wangu jike, alivimba katikati ya mwili. Mama Halima wa chumba cha pili akapiga kelele: "Wewe kijana, joka lako limemeza paka wangu! Litapishe!"

Majirani wakajaa mlangoni, wananicheka. Nikamkamua Malkia kwa mikono miwili. Hakikutoka kitu.

Jioni paka akarudi, anadai maziwa.

Sasa Malkia amelegea kama kamba. Toa ulimi hata mara moja tu, nakuomba.

Uvimbe ule ulikuwa wa mayai, dalili niliyoingoja tangu nimwekee dume. Na niliitambua asubuhi, kabla sijamgusa. Nilimkamua ili wanyamaze.