Watoto wa Kipepeo Mmoja

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Huku Pasiansi tu wazima. Mguu wa babu yako umepona, na mama yako amefungua tena genge lake la Mkuyuni.

Umeniuliza ufanyeje watu wanaposema hufanani na ndugu zako. Hata mimi niliambiwa hivyo. Nilizaliwa mweupe kati ya ndugu weusi, na shangazi yangu hakuacha kumwambia mama, "Huyu walikubadilishia hospitali." Mama alikuwa akinyamaza tu.

Mwaka mmoja nikiwa bado mtoto, mvua za vuli zilipoanza, nilimwona kipepeo akitaga mayai kwenye mlimao wetu. Viwavi walipotoka niliwaweka kwenye tenga, nikalifunika kwa chandarua, nikawalisha majani ya mlimao. Baada ya wiki kadhaa wakatoka vipepeo watatu. Dume lilikuwa la manjano, lenye mikia. Majike mawili hayakufanana hata yenyewe: moja jeusi lenye mabaka meupe, jingine la kahawia.

Baba alichuchumaa akawatazama sana, halafu akamwita shangazi.

"Dada, hawa wote mama yao ni mmoja. Mtoto amemwona akitaga."

Shangazi alinitazama mimi, si vipepeo. Jioni ile alinikalisha kati ya magoti yake, akanisuka nywele kwa mara ya kwanza. Jikoni nikamsikia mama akiimba.

Nakukumbuka kila siku, mwanangu.

Bibi yako