Alichoniambia Daktari Sikumwambia Mke Wangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na ikiwezekana unijibu kabla ya Majilio, maana Jumapili ya kwanza ya Majilio padre anakuja kigangoni kwetu na mimi ndiye ninayempokea, na mpaka sasa sijui nitamtazama kwa macho gani. Mimi ni katekista hapa Buteba, huu ni mwaka wa kumi na moja, na mke wangu wa ndoa ya kanisani ni Metrine, niliyezaa naye watoto wanane, wawili Mungu amewachukua, sita wako hai. Alipomzaa huyu wa mwisho, Januari ya mwaka jana, alitokwa damu siku nzima hata wakamwongezea damu ya watu wengine, na alipotulia daktari aliniita kando varandani akasema, "Mwalimu, mfuko wa uzazi ulichanika, tumeushona. Akibeba mimba nyingine usimlete hapa ukidhani nitamwokoa. Akipata nguvu mweleze mwenyewe, mkae mpange." Nikasema ndiyo daktari, nikarudi kitandani kwake, naye akaniuliza daktari amesemaje, nikamjibu amesema ule maini na mboga.

Sikumficha kwa ubaya, mshauri. Niliona nikimwambia ataogopa kuwa mke, na mimi kila wiki ninafundisha kwamba watoto ni baraka na Mungu hampi mtu mzigo asioweza kuubeba, na marehemu baba yangu alizaa kumi na watano, na ndugu zangu husema nyumba ya watoto sita ni nyumba ya mgonjwa, basi nikamwachia Mungu.

Mwaka huohuo ikaja ile barua ya Baba Mtakatifu kutoka Roma, ya kukataza dawa na vifaa vya kuzuia mimba, padre akanifafanulia, nami nikaifundisha kwa ukali zaidi kuliko nilivyoagizwa. Wiki mbili baadaye nikaletewa habari kwamba Anjeline, mke wa Odwori, aliyekuwa akiongoza kwaya yetu, alivuka mpaka akaenda kliniki moja upande wa Kenya akatiwa kitanzi, kile kidude cha plastiki cha kuzuia mimba. Sikumwita pembeni. Jumapili nilisimama mbele ya watu nikamtaja kwa jina, nikamtoa kwaya, nikasema asipokee komunyo mpaka akitoe. Odwori akaona aibu, akampeleka yeye mwenyewe kikatolewa, na Krismasi ilipofika Anjeline alikuwa na mimba ya nane. Mwezi wa nane mwaka huu amefariki akijifungua, na mtoto naye.

Sala za mazishi niliziongoza mimi. Nilipomaliza, mama yake, mzee wa Kisamia, akanishika mkono, wala hakupaza sauti. "Mwalimu, iko neno moja. Mtoto yangu hakuenda huko peke yake. Uliza mama ya watoto yako, nani alishika yeye mkono siku ile."

Nilifika nyumbani nikamkuta Metrine anamenya muhogo, nikamwuliza.

"Ndiyo," akasema. "Tulikwenda wawili. Mimi nilitangulia kuingia, yeye akafuata."

Nikamwambia amenidanganya zaidi ya mwaka, anapokea komunyo na kitu hicho mwilini. Hakuacha kumenya.

"Baba Emong, daktari alikuambia nini siku ile varandani?"

Nikavuta kigoda nikaketi.

"Nesi aliniambia nilipompeleka mtoto kuchanjwa, akidhani najua. Nikangoja unieleze wewe. Nilingoja tangu Februari hadi Juni, na kila uliponijia nilijua kwamba unajua. Ndipo nikavuka."

Nikamwuliza mbona aliniacha nimtaje Anjeline na yeye amekaa kimya benchi la mbele.

"Hilo ni langu, nitalijibu kwa Mungu," akasema. "Mke wa mchungaji wa Waprotestanti alikuwa mbele yetu kwenye foleni, na kwao hakuna aliyesimama kumtaja."

Tangu siku hiyo analala chumba cha watoto, ananipikia, ananipa maji ya kuoga, lakini neno hakuna, na kanisani haendi. Ndugu zangu wanasema nimrudishe kwao nioe anayezaa. Mimi nauliza, nimpeleke kwa padre atubu na kitanzi kitolewe, au nimrudishe kwao, au ninyamaze nisipoteze kazi yangu? Mimi ndiye niliyedanganywa, na bado nampenda.

Katekista, Buteba
Novemba 1969

MSHAURI ANAJIBU

Katekista,

Majina nimeyabadili, na si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya Metrine. Kabla ya kupewa kazi hii ya kujibu barua nilizalisha wanawake kwa miaka ishirini na mitatu, kwa hiyo damu uliyoiandika kwa mstari mmoja mimi naijua.

Nakuonea huruma kwa jambo moja. Ulisikia neno la kifo ukaogopa, na mtu mwenye hofu hushika lolote lililo karibu. Wewe ulishika mafundisho. Lakini usiniambie umedanganywa. Uongo wa kwanza nyumbani mwenu ulisemwa na wewe, kando ya kitanda cha mgonjwa, na kwa miezi mitano uliendelea kumwendea mwanamke ambaye daktari amekwambia utamuua. Hapo hukumwachia Mungu. Ulimwachia Metrine.

Na Roma sibishani. Mimi ni Mwanglikana, maaskofu wetu wamewaachia mke na mume wapime wenyewe kwa dhamiri zao, ninyi mmeambiwa vingine, na kila mtu na kanisa lake. Ila barua hiyohiyo unayoifundisha inawaruhusu wenye sababu nzito kuhesabu siku na kujizuia. Ulimfundisha Odwori kujizuia? Ulijifunza wewe? Ulisoma nusu inayowabana wanawake, na ile inayowabana waume ukaiacha ndani ya bahasha. Wala hakuna mahali ilipokuagiza kutaja jina la mama wa watu mbele ya kanisa.

Sasa sikiliza. Kitanzi usikiguse, wala usimpeleke mkeo popote. Kikitolewa, utazika tena. Habari ya dhamiri yake ataipeleka mwenyewe kwa padre, siku atakayotaka, na wewe usiwe mjumbe.

Usingoje padre aje. Panda baiskeli umfuate wiki hii, uungame ya varandani kwanza, kisha ya Anjeline. Akikuvua ukatekista, kubali. Ndugu zako waambie maneno ya daktari waziwazi, uone nani bado atasema nyumba yako ni ya mgonjwa. Na Jumapili simama palepale uliposimama, useme kwamba ulimkosea Anjeline.

Kwa Metrine, kaa chini umwambie alichosema daktari, neno kwa neno. Anajua, lakini hajakisikia kinywani mwako. Usimwombe arudi chumbani. Huenda akarudi, huenda asirudi kamwe, na hilo huna haki ya kulilalamikia. Naye kama anasoma hapa, namwomba arudi kliniki akapimwe, asikae na kitanzi miaka bila kuangaliwa.

Limebaki moja. Umeandika kwamba ile ilikuwa mimba ya nane. Basi kuna watoto kwa Odwori, na katika barua ndefu namna hii hukuandika wanapikiwa na nani. Nenda kesho asubuhi na gunia la unga, na kitabu cha sala kiache nyumbani.