Nibishie Tena

Buhehe, Busia

Mwalimu Akumu wa Mella,

Mvua imenyesha na mihogo imesimama vizuri. Mimi sisimami tena.

Tangu binti yangu Juliet awaambie kwenye kundi letu la WhatsApp, la sisi tuliosoma pamoja ualimu, kwamba naumwa, mna adabu kama watu waliokuja matangani. Hata wewe uliyezoea kuandika, "Mangeni, kichwa chako kigumu kama jiwe la kusagia!" sasa waandika, "Pole, mzee wetu."

Nakiri kabla sijafa: miaka yote nilikupinga ili unijibu. Nilikupenda.

Kesho nitaandika kwenye kundi kwamba ugali wa wimbi wa kwenu Mella una mchanga. Usinihurumie, Akumu. Nijibu nikiwa bado naweza kusoma.

Mbishi wako,
Mangeni